Tangi la mtumba na zulia la mke wangu

Saa nane za usiku nilisikia maji yanatiririka nikadhani nimesahau bomba la jikoni. Kumbe ni sebuleni. Tangi la vioo la kufugia matumbawe nililonunua la mtumba lilikuwa linavuja kona ya chini kushoto, na zulia lilikuwa limeshakunywa ndoo mbili hivi. Afadhali yalikuwa maji ya bomba tu, ya majaribio. Mke wangu akasimama mlangoni, akaangalia, akauliza kwa upole unaotisha: "Baba Nasra, si ulisema umeshaliziba?"

Nililiziba kweli, na hapo ndipo nilipokosea. Niliona silikoni, ile gundi ya mpira inayoshika vioo, imeachia kidogo kwenye ile kona, nikapaka nyingine juu yake. Fundi vioo mmoja alikuwa ameniambia, "Kaka, pakaza hapo juu tu, itashika." Haishiki. Silikoni mbichi hung'ang'ania kioo kisafi, lakini juu ya silikoni iliyokwisha kukauka inakaa tu kama plasta kwenye ngozi yenye mafuta. Maji yakishapata uwazi mwembamba kama uzi, mengine ni suala la saa.

Basi kama nawe umeona tangi la bei poa kwa mtu anayehama, na unataka kufuga matumbawe nyumbani, sikiliza nilivyofanya mara ya pili.

Kabla ya kutoa hela, muulize muuzaji tangi lilikuwa na nini. Usiishie kuuliza lina umri gani. Wafugaji wengi wa samaki hutibu magonjwa kwa dawa zenye shaba, na shaba hiyo inaweza kubaki kwenye silikoni. Samaki huistahimili kwa kiasi, lakini matumbawe, konokono na kamba hawaiwezi hata ikiwa kidogo sana. Muuzaji akisema "sikumbuki", chukulia kwamba dawa iliwekwa. Kwa tangi la matumbawe hiyo peke yake ni sababu ya kung'oa silikoni yote ya ndani, hata kama haivuji.

Kisha litazame mchana, nje. Pitisha kucha kwenye kingo zote. Kona iliyomeguka juu inavumilika. Ufa, hata wa sentimita moja, usiuguse, rudi nyumbani. Tazama pia pale kioo kinapokutana na kioo: ukiona mapovu au weupe umeingia kati ya vioo viwili, kiungo chenyewe kimeanza kuachia, na hapo itabidi kulibomoa tangi lote na kulijenga upya. Kazi hiyo mwachie mwenye uzoefu. Mikwaruzo midogo ya ndani isikutie hofu, mingi haionekani tena maji yakijaa.

Langu lina urefu wa sentimita 120, upana 45, kimo 50, kioo cha milimita 10. Kimo ndicho cha kuogopa zaidi, maana kina cha maji ndicho kinachosukuma kioo cha chini. Piga hesabu ya uzito pia: lita 270 za maji ya bahari ni kama kilo 277, vioo vyenyewe kilo 55 hivi, hujaweka mawe. Meza ya televisheni haibebi mzigo huo. Nilichomelea stendi ya chuma, nikaweka ubao mnene juu yake, nikapima kwa pimamaji kila upande. Stendi ikiinama upande mmoja, kioo kinajipinda, na kioo hakijui kupinda.

Sasa usafi. Ule ukoko mweupe ni chokaa: loweka vitambaa kwa siki, vibandike kwenye kioo saa kadhaa, kisha kwangua kwa wembe. Sabuni usiitumie kabisa. Nikamaliza kwa jiki iliyochanganywa na maji mengi, nikasuuza na kulianika juani siku mbili. Ila siki na jiki visikutane hata kidogo! Vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na wewe umeinamisha kichwa ndani ya tangi. Suuza kwanza, ndipo uhamie dawa ya pili.

Kung'oa silikoni kulinichukua jioni tatu. Wembe mpya kila baada ya muda, ukiulaza karibu na kioo, bila kuupenyeza kati ya vioo, maana ile ya katikati ndiyo iliyoshika tangi zima. Ukidhani umemaliza, pitisha kidole: palipo na utelezi wa mpira bado ipo. Mwisho nilifuta kwa asetoni na kitambaa cheupe mpaka kitambaa kikabaki cheupe. Baada ya hapo usiguse tena kwa vidole, jasho nalo ni mafuta.

Dukani usiombe "silikoni" tu, utapewa ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo ni sumu kwa viumbe wako. Soma bomba lake: iwe silikoni tupu, ikiwezekana imeandikwa inafaa kwa matangi ya samaki. Bandika tepu ya karatasi pande zote mbili za kona, paka mstari mmoja bila kusita, lainisha kwa kidole kilicholowa mara moja tu, ung'oe tepu ingali mbichi. Una dakika tano hivi kabla haijaanza kushika utando, kwa hiyo simu weka mbali. Fanya kona zote siku hiyohiyo ili zikutane zikiwa mbichi.

Halafu subiri. Silikoni ya aina hii hunuka siki inapokauka. Harufu ikiwapo, kazi haijaisha. Nililiacha siku saba, ingawa bomba liliandika chache zaidi. Nikalijaza nje, kwenye kibaraza, kwanza robo, kesho yake nusu, kisha lote, na magazeti makavu chini ya kila kona. Gazeti halidanganyi, tone moja tu huacha alama. Lilikaa siku tatu. Mke wangu alikuwa anapita kukagua magazeti mara nyingi kuliko mimi.

Maji ya bahari huku Dar es Salaam tunayo, lakini si kila ufuko unafaa. Kaa mbali na mdomo wa Mto Msimbazi, usichote siku za masika, na chota maji yakiwa yamejaa. Chumvi ipimwe: gramu 35 kwa kila kilo ya maji ndiyo kawaida ya bahari. Weka mawe na mchanga, kisha wape bakteria wanaosafisha uchafu wa maji wiki nne mpaka sita wazaliane, kabla ya kiumbe yeyote wa kununua. Nilivumilia tano.

Matumbawe yenyewe usiende kuyavunja kwenye visiwa vya Bongoyo wala Mbudya. Ni maeneo tengefu, yanalindwa na sheria ya mwaka 1994, na matumbawe magumu yako pia kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Mimi nilianza na vipande vya matumbawe laini alivyokata mfugaji mwenzangu kwenye tangi lake, na vimekua.

Vitabu vya wenzetu wa nchi za baridi vinazungumzia kipasha joto. Sisi tatizo letu ni kinyume. Nyuzi 26 zinapendeza. Februari sebule yangu inafika 31. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili au tatu, lakini maji yanapungua haraka na chumvi inabaki. Kwa hiyo nimebandika kipande cha tepu nje ya kioo kwenye usawa wa maji, na kila asubuhi naongeza maji yasiyo na chumvi mpaka pale, yale ya kunywa ya galoni, si ya kisima chetu ambacho chenyewe kina chumvi. Umeme ukikatika, kuna pampu ya hewa ya betri iliyokaa juu ya kabati. Betri zake nazibadilisha kila mwezi, na zile za zamani Nasra anaziweka kwenye mwanasesere wake anayelia.