Maswali ya Wasomaji: Parachichi zangu zitafikaje nje?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni mama mkulima, nina ekari moja na nusu ya parachichi aina ya Hass na zimeanza kuzaa vizuri. Tunasikia China wamefungua soko lakini huku kijijini anakuja dalali tu na bei anapanga yeye. Je naweza kuuza mwenyewe nje, na ushuru wa huko si utanimaliza?
Mkulima, Rungwe

JIBU: Hongera mama kwa shamba. Nianze na ushuru maana unawatisha wengi bure. Ulaya sisi Tanzania tunaingiza bila ushuru tangu 2001 kwa sababu tuko kwenye kundi la nchi maskini zaidi kwa orodha ya Umoja wa Mataifa, na China nao tangu tarehe 1 Desemba 2024 wamefuta ushuru kwa bidhaa zote za kundi hilo. Kwahiyo hapo usiogope kabisa.

Kazi ipo kwenye tunda lenyewe. Makubaliano ya parachichi na China yalisainiwa Novemba 2022 Rais Samia alipoenda Beijing, ila Wachina hawapokei tu parachichi la popote, wanataka shamba lisajiliwe, paki hausi (sehemu ya kuchambua na kufungasha matunda) isajiliwe, na mzigo uwe na cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, wakikuta mdudu wanaurudisha au wanauteketeza. Halafu kontena la ubaridi la futi 40 linameza tani 20 na zaidi, sasa kwa ekari yako moja na nusu utalijaza saa ngapi mama? Ingieni kikundi au AMCOS (chama cha ushirika cha mazao), sajilini mashamba kwa pamoja, mkiwa na tani za kutosha mnunuzi anawafuata wenyewe na hapo dalali hana cha kuwapangia.

Kitu kinachoniuma kweli ni kuchuma changa. Dalali anakuja mapema na hela mkononi, ada za shule zinadaiwa, watu wanachuma. Tunda changa haliivi, linasinyaa na kuwa gumu kama mpira, mteja wa Rotterdam huko Uholanzi akilikata analitupa, na mwakani ananunua Peru, ambao wao kuanzia kama mwezi wa 5 hadi wa 8 wanalijaza soko la Ulaya. Mnunuzi wa kweli anapima kwanza, anakausha nyama ya tunda aone lilikuwa na maji kiasi gani, ndipo ajue kama limekomaa, asiyepima mkatalie hata kama anatoa keshi. Na mchume kwa mkasi mkiacha kikonyo kidogo, msitikise mti, kreti zikae kivulini, mzigo uingie chumba cha baridi siku hiyohiyo maana una wiki kadhaa baharini.

Kabla hamjachuma andikishaneni na mnunuzi: bei ya kilo, siku ya malipo, na rijekti, yaani matunda yaliyokataliwa, ni za nani. Zikibaki kwenu viwanda vya mafuta ya parachichi vinazinunua, bei ni ndogo lakini haziozi shambani.