Fundi kaondoka, nyumba haijaisha: maswali yenu

Wengi mlioniandikia safari hii mna kilio kimoja: pesa zimetoka, nyumba imesimama. Nimechagua maswali matano.

*Tulikubaliana na fundi laki sita, kazi na vifaa. Nimeshampa laki nne na nusu. Kaishia kwenye linta na simu hapokei. Nilete mwingine? (Mama wa Maweni, Malindi)*

Mlete, dada yangu, lakini asiguse jiwe kabla hujafanya mambo mawili.

Kwanza mwandikie yule wa awali: kazi ilipofikia, pesa alizopokea, na siku ya mwisho ya kurudi kazini, tuseme baada ya siku 14. Mtumie kwa simu, na nakala apelekewe mkononi mbele ya shahidi. Bila ilani hiyo, kesho atadai wewe ndiye uliyemfukuza.

Siku zikipita kimya, pima. Hapa ndipo watu wanapopoteza haki yao, na huniuma kila nikisikia. Fundi mpya akishapiga lipu, nani atajua kazi ya yupi ni ipi? Ingia na shahidi, piga picha kila ukuta, hesabu kozi za mawe, mifuko ya simiti iliyobaki, hata nondo zilizoachwa nje zikila kutu. Kisha fundi mpya aandike makadirio ya kumalizia yale yale mliyopatana, atie sahihi. Akisema 280,000, toa zile 150,000 ambazo ungemlipa wa kwanza. Hasara yako ni 130,000. Hiyo ndiyo unayodai, si pesa zote ulizotoa, maana kuta unazo. Na usichomeke taili ambazo hazikuwamo kwenye mapatano.

Dai lisilozidi shilingi milioni moja huenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Si lazima uwe na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Masijala ya mahakama itakuelekeza pa kuiwasilisha.

*Hatukuandikiana kitu. Nina meseji za M-Pesa tu. Nimekwisha? (Kisumu Ndogo, Malindi)*

Hujakwisha. Mapatano ya mdomo ya kazi ya ujenzi ni mapatano mbele ya sheria ya Kenya, ugumu ni kuyathibitisha. Chukua stetimenti ya M-Pesa, hifadhi sauti alizokutumia WhatsApp, na mtafute jirani aliyewasikia mkipatana bei. Una miaka 6 tangu mapatano yalipovunjwa, lakini usiingoje: mashahidi huhama.

*Asalaam alaikum. Mimi na fundi sote ni Waislamu. Nimpeleke kwa Kadhi? (Langoni, Lamu)*

Waalaikum salaam. Kesi hii Kadhi hana mamlaka ya kuiamua. Katiba, kifungu cha 170, imempa mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kati ya Waislamu. Lakini hakuna kinachowazuia kuketi mbele ya sheikh au wazee wa mtaa mkasuluhishwa. Katiba hiyo hiyo inahimiza usuluhishi. Mkielewana, andikeni: kiasi, tarehe, sahihi za nyote wawili na za mashahidi. Sulhu ya mdomo itakurudisha ulipoanzia.

*Nimshtaki fundi kwa polisi? Na vyombo vyake nimevifungia ndani. (Shela, Lamu)*

Kushindwa kumaliza kazi si jinai. Huwa jinai ikionekana alikudanganya tangu mwanzo ili achukue pesa, kwa mfano alikuonyesha risiti bandia ya boriti ambazo hakuzinunua. Hapo piga ripoti. Vyombo mrudishie mbele ya shahidi, aandike kwamba amevipokea. Ukiving'ang'ania, yeye ndiye atakayekuwa na dai juu yako.

*Niko Doha, nyumba inajengwa Watamu, na kontrakta kaacha. Lazima nije? (Mwana wa Watamu)*

Si lazima uje kufungua kesi. Sheria ya madai madogo inakuruhusu kumweka mwakilishi, mradi umpe idhini kwa maandishi. Mchague anayeijua ile nyumba, si mwenye maneno mengi tu. Angalia pia kama kontrakta amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Sheria ya mwaka 2011 inamkataza kufanya biashara hiyo bila usajili, na malalamiko unaweza kuyapeleka huko. Salio lolote ulilobakiza, lishike hadi picha na vipimo vikufikie.