Maswali na majibu: utelezi wa mtindi na bakteria wapenda joto

Shikamoo mtaalamu. Mtindi wangu siku moja hutoka mzito, unavutika kwenye kijiko, siku nyingine ni majimaji. Kimea (chachu ya kugandishia maziwa) ni kilekile na ng'ombe ni walewale. Nakosea wapi? (Mfugaji, Njombe)

Marahaba. Kimea cha mtindi kina bakteria wa aina mbili, Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus, na wote wanapenda joto. Utelezi unaouona ni polisakaridi: minyororo mirefu ya sukari, hasa glukosi na galaktosi, ambayo bakteria huiunga na kuitoa nje ya mwili wake. Minyororo hiyo hushika maji yasijitenge. Si mingi, mara nyingi ni makumi tu ya miligramu au mia chache kwa lita, lakini mlaji huitambua mara moja.

La kushika ni kwamba thermophilus huitengeneza huku akikua. Watafiti wa Ubelgiji waliomchunguza kwa karibu miaka ya 1990 walipata mavuno bora kwenye nyuzi joto 42 hivi na pH (kipimo cha uchachu; hushuka uchachu ukizidi) ya karibu 6.2, yaani palepale anapokua vizuri. Akidumaa, utelezi nao hupungua. Kwa hiyo kwako Njombe ningeanza na joto kabla ya kulaumu kimea. Usiku wa Julai sufuria iliyoachwa mezani hupoa kabla bakteria hawajashika kazi. Ifunike kwa blanketi nzito au uitie kwenye kapu lililojazwa pamba, na tafadhali nunua kipimajoto. Kidole hakitoshi.

Pia fahamu kuwa si kila kimea kina bakteria watoao utelezi mwingi. Ukipata kizuri, kitunze.

Mimi nilisoma kwamba baridi ndiyo huongeza utelezi. Mbona mnapingana? (Mwanafunzi, Eldoret)

Hatupingani, ni bakteria tofauti. Wafini wana maziwa yao ya kuvutika, viili, yanayogandishwa kwenye nyuzi joto 20 hivi na bakteria wa jamii ya Lactococcus, wasiohitaji joto kubwa. Kwa baadhi ya hao, kuwapoza kidogo huongeza polisakaridi. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni haya: bakteria hutumia vibebeo vilevile vya mafuta kujenga ukuta wa mwili na kuunga minyororo ya sukari. Ukuaji ukipungua, ukuta hauhitaji vibebeo vingi, na vinavyobaki huenda kwenye utelezi. Usiichukue kanuni hiyo ukaipeleka kwa thermophilus.

Nikiongeza sukari kwenye maziwa, utelezi utaongezeka? (Kigoma)

Sitegemei. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina laktosi karibu gramu 45 hadi 50, na mtindi hukamilika nyingi ikiwa bado imebaki. Sukari ikizidi sana huwadumaza bakteria. Upungufu huwa kwenye nitrojeni iliyo tayari kuliwa, yaani vipande vidogo vya protini. Thermophilus ni dhaifu katika kuvunja protini, humtegemea bulgaricus amvunjie. Kijiko kimoja au viwili vya maziwa ya unga kwa lita vina faida kuliko sukari, kwani huongeza protini na kufanya mtindi ushikane zaidi.

Nikiuacha mtindi kwenye joto mpaka kesho yake je?

Usiuache. Asidi hupanda, bakteria husimama, na baadhi ya aina zina vimeng'enya vinavyokata polisakaridi zilizokwisha tengenezwa. pH ikifika 4.6 hivi, poza. Na maziwa mabichi yakivutika yenyewe bila kutiwa kimea, yamwage. Huo ni uchafu.

Na bakteria wa kwenye chemchemi za moto, nao hutoa utelezi? (Nakuru)

Hutoa. Mfano ninaoupenda ni Thermotoga maritima, aliyeelezwa mwaka 1986 kutoka mashapo ya moto ya bahari pale Vulcano, Italia. Hukua mpaka nyuzi 90. Akikuzwa pamoja na kiumbe kinachokula hidrojeni na kutoa methani, hukua kwa wingi zaidi, kwa sababu hidrojeni anayoitoa mwenyewe humzuia. Wakishasongamana, hutoa polisakaridi na kushikamana makundi makundi.

Kwa biashara, hata hivyo, mavuno ya wapenda joto bado ni madogo. Gundi ya zanthani inayotiwa kwenye sosi hutoka kwa Xanthomonas campestris, anayekuzwa kwenye nyuzi 28 hadi 30 tu, naye hutoa gramu 15 hadi 30 kwa lita.