Uiandike tovuti mwenyewe au utumie WordPress? Anza kwa kuuliza nani atabadilisha bei

Ndugu, umeeleza kwamba HTML na CSS, zile lugha za kupanga na kupamba kurasa, unazimudu, PHP, lugha ya programu zinazoendeshwa kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti), unaijua kiasi, na binamu yako mwenye karakana ya sofa na vitanda kandokando ya Barabara ya Ngong amekuomba umtengenezee tovuti. Unauliza kama uiandike mwenyewe kuanzia mstari wa kwanza au utumie mfumo wa kusimamia maudhui kama WordPress, Joomla au Drupal, yaani programu iliyokwisha kuandikwa ambayo hata asiyejua msimbo huitumia kubadilisha maandishi na picha za tovuti. Wenzangu waliotangulia kukujibu wamelinganisha kasi, usalama na uzuri wa sura, na mengi waliyosema ni kweli. Mimi nimeifanya kazi hii hapa Nairobi kwa zaidi ya miaka kumi, nimeumia kwa njia zote mbili, na siku hizi sigusi kompyuta kabla ya kuuliza swali moja: nani atabadilisha bei ya kitanda siku ambayo mimi sipo?

Swali hilo nilifundishwa na karani wa shule moja ya kibinafsi huku Eastlands. Mwaka 2012 nililipwa kuitengenezea shule hiyo tovuti, na kwa kuwa nilikuwa na kiburi cha kijana aliyejifunza PHP juzi, niliandika kila kitu kwa mkono: ukurasa wa habari, ukurasa wa karo, ukurasa wa picha, hata sehemu ya msimamizi ambamo karani angeingia kwa nywila na kuandika matangazo. Sehemu hiyo ilikuwa na kisanduku kimoja cha maandishi na kitufe cha kuhifadhi. Nilimwonyesha kwamba neno la kukolezwa huwekwa kati ya alama mbili za HTML zenye herufi b, naye akaitikia kwa adabu kama mtu anavyomwitikia daktari, nikachukua hundi yangu nikaenda.

Januari ilipofika, shule ikabadilisha karo. Karani alikuwa na jedwali safi kabisa katika Word, madarasa yameshuka upande wa kushoto na mihula mitatu imepangwa juu, akalinakili na kulibandika katika kisanduku changu. Kisanduku kile hakikujua jedwali ni nini. Kivinjari nacho hakijali nafasi wala mistari mipya isiyotiwa alama za HTML, kwa hiyo wazazi walikuta aya moja ndefu ambamo majina ya madarasa na tarakimu za karo vimefuatana bila mwisho, na huwezi kujua karo ya muhula wa pili wa darasa la tano inaanzia wapi. Nilipigiwa simu nikiwa nimesimama ndani ya matatu kwenye Barabara ya Jogoo, mkono mmoja juu na mwingine sikioni, nikiambiwa kwamba wazazi wako langoni wanabishana na mhasibu. Jioni niliingia saiba na kuandika lile jedwali upya, seli moja baada ya nyingine. Muhula uliofuata ikawa vivyo hivyo, na uliofuata tena. Sikuweza kudai malipo kwa kazi ambayo mwenye shule aliiona ni ya dakika mbili, na sikuweza kumlaumu karani, kwa sababu yeye alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya. Ukinakili jedwali lile lile leo na kulibandika katika kihariri cha WordPress, hubaki jedwali. Kuna watu waliokaa wakafikiria jinsi makarani wanavyofanya kazi kwa kweli, jambo ambalo mimi sikulifikiria hata kwa dakika tano.

Aibu kubwa zaidi ilikuja baadaye. Nilikuwa nimeandika mawasiliano na hifadhidata, yaani ghala la taarifa za tovuti, kwa zile amri za zamani zinazoanza na mysql_, ambazo wakati huo zilijaa katika kila somo la mtandaoni. Amri hizo ziliondolewa kabisa katika PHP 7, iliyotoka Desemba 2015. Siku kampuni iliyohifadhi tovuti ile ilipohamisha seva zake kwenda toleo jipya, shule ikaamkia ukurasa mweupe, bila hata neno la kosa. Nilikesha usiku mara mbili nikizibadilisha amri zote, na katika kuzipitia ndipo nilipoona mambo yaliyonitoa jasho: thamani zilizotoka kwenye anwani ya ukurasa nilizichomeka moja kwa moja ndani ya maswali ya hifadhidata, kwa hiyo mtu mwenye ujuzi mdogo tu angeweza kusoma au kufuta kila kitu, na fomu ya kupakia picha haikukagua chochote, kwa hiyo mtu angeweza kupakia programu badala ya picha na kuiendesha humo humo kwenye seva. Hakuna aliyetuvamia. Sidhani ni kwa ustadi wangu. Nadhani hakuna aliyejua kwamba tovuti ile ipo. Katika seva iyo hiyo nilikuwa na mteja mwingine wa WordPress, na yeye alivuka siku ile bila hata kugundua kwamba kuna kilichobadilika, kwa sababu kazi ya kuiandaa WordPress kwa PHP 7 ilikuwa imefanywa mapema na watu wengine.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba fundi wa kweli huandika kila kitu mwenyewe. Binamu yako ni fundi wa kweli, na hafui misumari yake.

Hata hivyo usikimbilie WordPress ukidhani umepata kinga. Miaka michache baadaye niliitwa na mwenye duka la vitenge Eastleigh, ambaye tovuti yake ilitengenezwa na mtu mwingine. Alilalamika kwamba wateja wanamwambia duka lake linauza dawa za nguvu za kiume. Yeye akiandika anwani mwenyewe aliona vitenge vyake vimepangwa vizuri, kwa hiyo aliamini ni fitina ya washindani. Nilimwomba atafute jina la duka katika Google kwa simu yake kisha abonyeze kiungo, akapelekwa moja kwa moja kwenye tovuti ya dawa. Uvamizi wa namna hiyo hutazama mgeni ametokea wapi: anayeingia kwa kuandika anwani huachwa, na anayetoka kwenye injini ya utafutaji hugeuzwa njia, ili mwenye nyumba awe wa mwisho kujua. Nilipofungua dashibodi nilikuta plagini (programu ndogo za nyongeza) 31, nyingine hazijasasishwa kwa miaka mitatu, na kiolezo (muundo wa sura ya tovuti) cha kulipia ambacho yule fundi alikipata bure katika tovuti ya nakala za wizi. Ndani ya folda ya picha, mahali ambapo pangepaswa kuwa na picha peke yake, kulikuwa na faili za PHP zenye majina yasiyo na maana. Nilifuta kiolezo kile, nikaweka upya faili zote za WordPress kutoka chanzo chake rasmi, nikapunguza plagini hadi sita na kubadilisha nywila zote, na bado nilirudi wiki iliyofuata kukagua kama kuna mlango niliousahau.

WordPress yenyewe haikuwa na hatia katika kisa hicho. Ilianza mwaka 2003, ni programu huria, na tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013 hujisakinishia yenyewe masasisho madogo ya usalama. Tatizo lake linatokana na ukubwa wake. Zaidi ya asilimia 40 ya tovuti za dunia huendeshwa nayo, kwa hiyo mvamizi huandika roboti moja na kuituma kila mahali. Fungua kumbukumbu za seva yoyote ya WordPress na utaona wp-login.php, ukurasa wa kuingilia wa msimamizi, ukibishwa hodi mchana na usiku, hata kama tovuti ni ya kwaya ya kanisa. Kila plagini unayoongeza ni mtu mwingine uliyempa ufunguo wa nyumba yako, na ni lazima uendelee kumwamini.

Kuna njia ya tatu ambayo sijaona ikitajwa, nayo ni kurasa za HTML tupu, zisizo na PHP wala hifadhidata. Mwaka 2016 niliitengenezea kampuni ndogo ya kuchimba visima kurasa tano za namna hiyo, na hadi leo zinafunguka kwa kasi ambayo sijaipata kwingine. Hakuna cha kusasisha wala ukurasa wa kuingilia wa kubisha hodi. Walipobadilisha namba ya simu, nilifungua faili na kubadilisha namba iliyo chini ya kila ukurasa, katika kurasa nne. Ule wa tano, wa bei na masharti, ambao ndio husomwa na mtu aliyekwisha kuamua kununua, niliusahau. Kwa miezi kadhaa wateja waliokuwa tayari kulipa walikuwa wakipiga namba iliyozimwa, na hakuna aliyeweza kutupigia simu kutuambia hivyo. Zana kama Hugo na Jekyll hulitatua jambo hilo, kwa kuwa namba huandikwa mahali pamoja na kurasa zote huzalishwa upya, lakini anayezitumia kwa kawaida ni lazima awe na amani na skrini nyeusi ya amri. Tumerudi kwenye swali langu lile lile.

Sasa nije kwa binamu yako. Karakana ya sofa haikai kama kampuni ya visima. Kila wiki kuna muundo mpya, kitambaa fulani kimeisha, bei ya mbao imepanda. Anayepiga picha ni kijana wa karakana mwenye simu, na picha moja ya simu hizi huwa na megabaiti nne au tano. Ukiandika tovuti mwenyewe ni lazima uandike pia njia ya kuzipunguza, la sivyo mteja anayetumia bando la siku ataondoka kabla ya sofa ya tatu kufunguka. WordPress hutengeneza nakala ndogo ndogo za kila picha inapopakiwa, tangu toleo la 4.4 huiachia simu ya mgeni kuchagua inayoitosha, na tangu 5.3 huzipunguza zile kubwa kupita kiasi. Kwa hali hiyo ningetumia WordPress bila kusita, na ningeuweka ujuzi wako mahali unapofaa: chagua kiolezo rasmi chepesi, kisha utengeneze kiolezo-mtoto, yaani kiolezo kidogo kinachorithi sura ya kile cha kwanza, na uandike CSS yako humo. Usiibadilishe CSS ndani ya kiolezo chenyewe, kwa sababu siku ya kusasisha kazi yako yote itafutwa.

Usimwekee kikapu cha ununuzi wala malipo ya M-Pesa kwa sasa. Najua inavutia kuona simu ya mteja ikidai PIN yenyewe, na Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha tovuti na M-Pesa, uko wazi kwa yeyote anayejisajili, lakini hakuna anayenunua sofa ya viti saba Nairobi bila kuulizia bei mara tatu na kuja kuikalia. Anachohitaji mteja ni picha, bei ya kuanzia na kiungo cha WhatsApp. Kiungo hicho ni wa.me/ ikifuatwa na namba inayoanza na 254, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo. Nimewaona wengi wakiandika 07 na kushangaa kwa nini hakifunguki. Ukiweka fomu ya kukusanya majina na namba za watu, kumbuka kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na faili la namba za wateja si kitu cha kuacha wazi kwenye seva.

Jina la .co.ke lisajiliwe kwa jina na barua pepe ya binamu yako, si yako. Naomba usilichukulie hili kwa wepesi hata kama mmelelewa nyumba moja. Nimewahi kukuta biashara iliyobadilisha mabango, risiti na maandishi ya gari kwa sababu jina la tovuti lilisajiliwa na fundi ambaye baadaye walikosana.

Kuhusu kujifunza, ambalo naona ndilo linalokuwasha zaidi, andika msimbo wa tovuti yako binafsi, uivunje na kuiunda upya upendavyo. Andika kwa mkono pia pale ambapo kazi yenyewe si kurasa bali ni hesabu, kwa mfano daftari la chama lenye michango, mikopo na faini, kwa maana kuilazimisha WordPress kufanya hivyo kwa plagini kumi kutakuchosha zaidi ya kuandika.

Kabla hujamkabidhi binamu yako tovuti, nenda karakana, mpe yule kijana simu yake mwenyewe, mwambie abadilishe bei ya kitanda kimoja na kuongeza picha moja, kisha kaa kwenye mojawapo ya zile sofa na unyamaze. Akikuuliza abonyeze wapi zaidi ya mara mbili, rudi nayo nyumbani.