Kwa mnaoanza simulesheni za foleni, kabla hamjalinganisha modeli

Wadogo zangu, wiki hii nimefungua laptop tatu za vijana tofauti hapa Dodoma na zote zina kosa lile lile lililoniliza mimi nikiwa mastazi, nimeshindwa kunyamaza.

1. Sisi tunaendesha kushoto. Ukivuta ramani OpenStreetMap (ramani ya bure ya mtandaoni) ukaipitisha netconvert, kigeuza ramani cha SUMO, ile programu ya kuigiza magari barabarani, bila kuweka lefthand (chaguo la kuendesha kushoto), magari yanapita kulia kwenye barabara za njia mbili, na mmoja wenu kafika mpaka kwenye grafu hajaona! Fungua GUI (dirisha la kuona magari yakitembea) uangalie dakika tano tu jamani.

2. Tau (sekunde ambazo dereva anaachia gari la mbele) sawa sio usawa. Hapa naomba mnisikilize, ndilo kosa lenyewe lililoniliza. Nilikuwa nalinganisha Krauss na IDM, modeli mbili za jinsi gari linavyofuata la mbele, kwenye mataa ya barabara ya Dar, nikasema nitende haki, zote nikazipa tau sekunde 1 na minGap (nafasi kati ya magari yakiwa yamesimama) mita 2.5, ambazo ndo difolti za SUMO. IDM ikatoa foleni ndefu zaidi. Nikaandika kurasa nane kwamba dereva wa IDM ana tahadhari, kwamba ndo anafanana na dereva wetu, yaani niliamini kabisa, nikampigia na mama nikamwambia nimemaliza. Siku ya kutetea, mwalimu mmoja, mama mpole sana, akauliza swali moja: mwanangu, gari liko kilomita 45 kwa saa na linataka 50, kila modeli inaliachia umbali gani na la mbele? Sikujua. Akanipa chaki. Krauss, ukiacha sigma (dereva kutokuwa makini) pembeni, ni mita 12.5 kwa sekunde mara sekunde 1, jumlisha 2.5, unapata mita 15. IDM inachukua hizo hizo 15 halafu inazigawanya kwa kipeuo cha pili cha 1 kutoa 0.9 (yaani 45 kwa 50) kipeo cha nne, inakuja mita 25 na ushee. Nilisimama pale ubaoni nimeshika chaki, ukumbi kimya, naangalia 25 yangu. Parameta ina jina moja lakini haifanyi kazi moja, na ile "tabia ya dereva" ya kurasa nane ilikuwa ni pengo nililoliweka mwenyewe. Nilirudia kazi miezi mitatu, na mama ilibidi nimpigie tena.

Kwa hiyo kwanza nenda mataani, taa ikiwa kijani pima sekunde kati ya gari na gari kwenye mstari wa kusimamia, manne ya mwanzo yaache maana bado yanaamka. Kila modeli irekebishe kivyake mpaka itoe muda huo, ndo ulinganishe vile ambavyo hukuvigusa, kama mwendo wa kuondoka au foleni inavyorudi nyuma.

3. Usipobadilisha sidi (namba inayoanzisha bahati nasibu ya programu) SUMO itakupa majibu yale yale kila siku, hiyo sio uthabiti. Weka sidi kumi angalau.

4. Gari likikwama sekunde 300 SUMO inalirusha mbele, soma maonyo.

5. Wa VISSIM, programu nyingine ya simulesheni, modeli ya Wiedemann 74 ni ya mjini na 99 ni ya barabara kuu, msichukue 99 eti kwa sababu ina parameta kumi.

6. Bodaboda. Modeli zote hizi zinadhani magari yamejipanga mstari mmoja, sasa nenda Sabasaba jioni uone, taa nyekundu boda na bajaji zinapenya katikati mpaka mbele kabisa, daladala nayo imetanua pembeni. Washa lateral-resolution ya SUMO, inayoruhusu magari kukaa ubavu kwa ubavu ndani ya leni moja, la sivyo boda yako inasubiri nyuma ya lori kwa adabu, na boda wa hivyo Dodoma sijamwona.

Jumamosi saa moja asubuhi nitakuwa mataani barabara ya Dar napima. Njooni na simu zenye chaji, wa kuhesabu bajaji bado sina.