Maswali ya Wasomaji: Propela Hutolewa Lini Injini na Giaboksi Zinaposhushwa?

SWALI: Ndugu Fundi, ninayo Land Rover 109 pikapu, Series III ya petroli, ambayo nimeirithi kwa marehemu baba na ambayo imekuwa ikitumika shambani hapa Babati kubebea mahindi. Injini inakula oili, na gia ya pili inachomoka yenyewe ninapoteremka mlima. Nimeamua kutoa injini na giaboksi kwa pamoja ili zote zifanyiwe kazi mara moja. Kijana anayenisaidia anasema kwamba inatosha kufungua propela ya nyuma, yaani shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, upande wa giaboksi na kuisukuma pembeni, na kwamba ya mbele iachwe mahali pake. Je, ni sahihi? Na kuna jambo la kuangalia kabla ya kuanza?

JIBU: Ndugu msomaji, kama ungekuwa unatoa injini peke yake, ningekwambia usiziguse propela kabisa, kwa sababu injini ya gari hilo huvutwa kuelekea mbele baada ya kuondoa rejeta na paneli yake, nayo giaboksi hubaki mahali pake ikiwa imeegemezwa kwa jeki. Lakini kwa kuwa gia ya pili inachomoka, giaboksi nayo lazima itoke, na hapo propela zote mbili sharti zifunguliwe. Ushauri wangu ni kuziondoa garini moja kwa moja, pande zote, wala si kuzifungua upande mmoja na kuziacha zikining'inia. Kila flanji (sahani ya kuungia mwisho wa propela) ina nati nne, kwa hiyo kwa propela mbili ni nati kumi na sita tu, na muda unaouokoa kwa kuacha nane ni mdogo kuliko hasara ya krosi, kile kiungo kinachoiruhusu propela kupinda, iliyolazimishwa kupinda kupita kiasi chake kwa sababu propela imelala juu ya ekseli au imefungwa kwa kamba vibaya. Isitoshe, injini na giaboksi zikiwa zimeungana huwa kitu kirefu, na hutoka kwa kuinuliwa mbele na kushushwa nyuma. Propela ya mbele, ambayo katika gari hilo hupita upande wa kulia kwa kuwa difu yenyewe (gia zinazogawa nguvu kwa gurudumu la kushoto na la kulia) imekaa kulia, itakuwa njiani wakati wote wa kazi hiyo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuliuliza, nalo ndilo linaloumiza watu. Breki ya mkono ya Land Rover ya zamani haikamati magurudumu. Dramu yake iko nyuma ya giaboksi ndogo, ile inayogawa nguvu kwa propela ya mbele na ya nyuma, pale pale propela ya nyuma inapoanzia, na nguvu yake huyafikia magurudumu ya nyuma kwa kupitia propela hiyo. Ukiifungua propela, umeifungua na breki. Unaweza kuvuta wenzo mpaka mwisho na gari bado likaondoka. Kuiacha gari kwenye gia hakusaidii pia, kwa sababu gia nazo hufika magurudumuni kwa njia hiyo hiyo. Miaka mingi iliyopita, katika uwanja uliokuwa na mteremko ambao macho hayakuuona, niliifungua nati ya nne nikiwa nimelala chali chini ya gari la aina hiyo, nikasikia flanji ikiachia kwa mlio mdogo, kisha nikaona ekseli ya nyuma ikianza kunijia taratibu. Jiwe moja lililokuwa nyuma ya tairi kwa bahati tu ndilo lililonisalimisha. Tangu siku hiyo sigusi spana kabla ya kuweka kabari mbele na nyuma ya magurudumu mawili, na kabari hizo huwa za mbao ngumu, si tofali la kuchoma ambalo hupasuka.

Hatari ya pili inatokana na hiyo hiyo, ila huwashangaza hata mafundi wenye uzoefu. Ili kuzifikia nati zote nne ni lazima propela izungushwe, na njia rahisi ni kuinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki. Gurudumu moja likiwa hewani, breki ya mkono haishiki tena hata kama propela bado imefungwa, kwa sababu difu huliruhusu gurudumu lililo chini lisogee huku lile la hewani likizunguka kinyume. Kwa hiyo weka kabari kwenye magurudumu ya mbele kwanza, halafu ndipo uinue, na uweke stendi chini ya ekseli. Jeki peke yake haitoshi kwa mtu anayeingia chini.

Baada ya hapo kazi ni nyepesi. Nyunyizia nati mafuta ya kulegeza kutu jioni ya siku iliyotangulia. Dizeli nayo hufaa, ingawa hufanya kazi polepole. Weka gia kwenye nyutro, zungusha propela mpaka nati mbili zikuelekee, vuta breki ya mkono ili shafti isizunguke, legeza, achia breki, zungusha tena. Hapa breki ile ile niliyoisema vibaya inakuwa msaidizi mzuri sana. Kwa propela ya mbele, ingiza gia ndogo ya nguvu, ambayo huunganisha mbele na nyuma, na breki itaishika hiyo pia. Tumia spana ya ringi ya inchi 9/16. Nalisisitiza hili kwa sababu masanduku mengi ya spana siku hizi ni ya milimita: ya 14 haiingii, ya 15 inaingia lakini inacheza, na matokeo yake ni nati iliyoviringika na fundi anayetafuta patasi.

Kabla flanji hazijaachana, zipige alama kwa senta panchi au kwa rangi, upande huu na upande ule, ili zirudi zilivyokuwa. Kisha tazama sehemu ya katikati ambapo propela huingia na kutoka kama darubini. Sehemu hiyo usiichomoe bila sababu. Ifunge kwa waya isije ikateleza na kuachana ukiwa umeibeba. Ikiachana, hakikisha unapoirudisha kwamba uma (mikono miwili inayoishika krosi) wa upande huu na uma wa upande wa pili wa propela hiyo hiyo vimelala sambamba. Krosi inapofanya kazi ikiwa imepinda, shafti inayoifuata haizunguki kwa mwendo ulio sawa, bali huharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko mmoja. Krosi ya pili ndiyo inayolifuta kosa la ya kwanza, na hufanya hivyo pale tu uma zinapolingana. Ukikosea meno machache ya spline (mifereji inayoingiana ya sehemu hiyo ya katikati), gari litatetemeka, na utatumia fedha kubadilisha krosi ambazo hazina ubaya wowote.

Propela zikiwa juu ya benchi, kunja kila krosi kwa mkono. Ikikwama mahali, au ukiona unga wenye rangi ya kutu kwenye vifuniko vyake, ibadilishe sasa. Angalia pia kama dramu ya breki imelowa oili, maana sili ya nyuma ya giaboksi ndogo huvuja hapo, na kuibadilisha sili hiyo giaboksi ikiwa chini ni kazi ndogo. Wakati wa kurudisha, nunua nati mpya za kujifunga. Za zamani zimekwisha kung'ata.

SWALI: Fundi, mimi nina Hilux ya zamani inayosukuma kwa nyuma tu, yenye propela ya vipande viwili. Nilipoichomoa propela oili ya giaboksi ilimwagika yote, na baada ya kuirudisha gari linatetemeka likishika kasi. Niko Tanga.

JIBU: Ndugu yangu wa Tanga, propela ya gari lako haina flanji upande wa giaboksi. Ncha yake huingia ndani ya mkia wa giaboksi na ndiyo inayoziba sili, kwa hiyo ukiitoa, oili hufuata. Safari nyingine imwage oili kwanza, au uzibe mkia kwa mfuko wa nailoni na mpira wa kufungia. Kuhusu mtetemo, nenda kwenye flanji iliyo nyuma ya senta bering, ile bering inayoishika propela katikati. Kama uliirudisha bila alama, ifungue, izungushe nusu mzunguko, uifunge na ulijaribu gari tena. Kama hakuna badiliko, legeza bolti mbili za senta bering, uiache ijikalie yenyewe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake yote, kisha ukaze. Mara nyingi huwa imefungwa ikiwa imevutwa upande mmoja.