Agfa Isolette ya kukunja: doa jeupe kila picha

Mkuu, umesema kamera ya Isolette uliyorithi inatoa doa jeupe kona ileile kwenye picha zote 12 za mkanda wa 120 (filamu pana ya kuviringishwa), na fundi amekwambia lenzi imekufa. Lenzi haihusiki. Doa likirudi mahali palepale, mwanga unapenya kwenye mvukuto, kile kiriba cheusi cha mikunjo kati ya lenzi na mwili wa kamera. Ingekuwa ni mkanda uliolegea kwenye spuli, ungeona ukungu pembeni mwa negativu, picha moja zaidi na nyingine kidogo.

Mivukuto ya Isolette haikutengenezwa kwa ngozi halisi, na kwa umri huu hutoboka kwenye ncha za mikunjo. Usiku, zima taa, fungua mgongo wa kamera ikiwa haina mkanda, ingiza tochi ndogo ndani, vuta mvukuto mpaka mwisho na uzungushe kamera taratibu. Palipotoboka utaona mwanga kama nyota. Kila nyota itie alama kwa chaki.

Dawa ya kweli ni mvukuto mpya. Ukitaka kupiga sasa, changanya gundi nyeupe ya mbao na rangi nyeusi ya maji, upake tabaka jembamba kwa brashi, mara mbili au tatu. Iache wazi siku nzima. Ukiikunja mbichi, mikunjo itagandana na utaichana wakati wa kufungua. Tepu ya mafundi umeme usiiguse: ni nene, mlango utagoma kufunga.

Ukiifungua kamera, ivute polepole. Ukiiachia ifyatuke, mvukuto hunyonya hewa na kuuvuta mkanda mbele, picha inapoteza ukali katikati. Kwa hiyo fungua kwanza, ndipo usogeze mkanda kwenye namba inayofuata. Kidirisha chekundu cha mgongoni kinachoonyesha namba kisomee kwenye kivuli cha mwili wako, kisha ukifunike.

Kwa jua la Dodoma saa sita mchana, mkanda wa ISO 100 (wepesi wake wa kunasa mwanga) unataka tundu la lenzi f/11 kwa sekunde 1/200. Wa ISO 400, wenye wepesi zaidi, utakulazimisha f/22, tundu dogo zaidi, na shata (kifunguzi cha mwanga) nyingi za kamera hizi zinaishia 1/200, hutabaki na pa kukimbilia. Nunua wa 100.

Shata ikisuasua, usitie mafuta hata tone. Yanashika vumbi, na vumbi la kiangazi huku tunalijua. Visu vyake vitagandana kabisa.

Halafu zungusha pete ya fokasi, ile ya kulenga umbali. Ikiwa ngumu, ni grisi ya kijani ya ndani ya pete iliyokauka. Usiilazimishe kwa koleo.